Sindano Moja Kabla ya Wembe

SEHEMU YA 1

Wamama wa Shinyanga, Kahama, Geita, Katoro na huko kote machimboni, nesi wenu nimerudi. Chemsha chai kabisa, maana leo nina maneno mengi na mengine yatawauma hata wenzangu wa kazini.

Nimepata meseji kutoka kwa mdogo wangu mmoja aliyejifungua kwa oparesheni. Ameandika hivi: "Dada nesi, mimi nimeruhusiwa na vidonge vya siku tano tu. Mwenzangu wa kitanda cha pili alipewa vya siku kumi na sindano juu. Je, nimepunjwa?"

Mdogo wangu, hujapunjwa. Kama wote wawili mlikuwa hamna ugonjwa wowote, huenda wote wawili mmebebeshwa dawa ambazo hamkuzihitaji. Na ile moja mliyoihitaji kweli kweli, hakuna kati yenu aliyeniuliza habari zake. Hiyo ni sindano ya antibiotiki inayochomwa KABLA daktari hajagusa tumbo lako na wembe.

Hoja yangu yote ni hiyo. Ya kuzuia kidonda kisioze ni dozi moja, kwa wakati wake, kabla ya kupasuliwa. Utitiri wa sindano na vidonge baada ya kushonwa haukulindi. Unakumalizia hela na kuwafundisha vimelea kupigana na dawa. Na huku kwetu tumeuzoea mpaka mama asiyepewa anajiona kaonewa.

Twende taratibu.

SEHEMU YA 2

Nianze na dhambi zangu mwenyewe, ili msiseme nesi anawanyooshea wengine kidole.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilikuwa kituo fulani huku ukanda wa dhahabu. Sitakitaja. Utaratibu tulioukuta pale ulikuwa mmoja kwa kila mama wa oparesheni, kama sare ya shule: sindano mara tatu kwa siku, siku kadhaa, kisha anaruhusiwa na vidonge vya wiki. Mwenye homa na asiye na homa, wote sawa. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mimi ndiye niliyekuwa nachoma hizo sindano, na nilijiona nachapa kazi.

Usiku mmoja aliletwa binti wa machimboni, mimba ya kwanza, uchungu umekaa sana. Mumewe mwanaapolo, amekuja na vumbi lake la duarani. Tukakimbizana: kanula, damu, fomu ya ridhaa, mgonjwa thieta. Mtoto akatoka salama. Antibiotiki yake ya kwanza niliichoma mimi mwenyewe wodini, ameshashonwa na ameshazinduka. Nikaandika kwenye faili kwamba dozi imeanza. Baada ya hapo hakukosa hata sindano moja.

Siku ya sita kidonda kikaanza kutoa maji, kesho yake usaha, keshokutwa nyuzi zikaachia. Tulipopeleka usaha maabara kuoteshwa, majibu yakaja kwamba kimelea kile hakisikii ile dawa tuliyokuwa tunamchoma kila siku. Alikaa wodini wiki nyingi. Alipona, Mungu ni mwema, lakini mumewe aliuza karibu kila alichokuwa nacho.

Siku ya kuondoka yule baba aliniuliza kwa upole kabisa: "Sista, zile sindano zote zilikuwa za nini?"

Sikuwa na jibu. Leo ninalo, ndiyo maana naandika.

SEHEMU YA 3

Kwa nini kabla na siyo baada?

Ngozi yetu ina vimelea kila siku, hata ukioga mara tatu. Vikiwa juu ya ngozi havina shida. Wembe ukipita, mlango umefunguliwa na vinaweza kuingia ndani kwenye nyama. Ili vife hapo hapo vinapoingia, dawa inatakiwa iwe TAYARI imo kwenye damu na kwenye nyama ya tumbo lako wakati wembe unapita. Ukichelewa, vimeshapata makazi.

Wake wa wachimbaji hili mnalielewa kuliko mtu yeyote. Magogo ya kushikilia kuta za duara yanawekwa kabla watu hawajashuka. Duara likishaporomoka, hata ulete lori zima la magogo, unachofanya pale ni kufukua watu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2016 kuhusu kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji. Linasema dawa ya kinga itolewe kabla ya kupasua, ndani ya dakika 120. Na linasema wazi: usiendelee kutoa antibiotiki baada ya upasuaji kwa sababu tu ya kuzuia maambukizi. Kwa upasuaji wa uzazi ni vilevile, dawa kabla ya ngozi kukatwa.

Zamani hospitali nyingi duniani zilikuwa zinasubiri mtoto atoke na kitovu kibanwe ndipo mama achomwe, kwa hofu kwamba dawa itamfikia mtoto. Uchunguzi ukaonyesha mama anayechomwa kabla anaugua kidogo zaidi, na mtoto hapati madhara kwa sababu hiyo. Mwongozo ukabadilika. Mazoea ya baadhi yetu hayajabadilika, na huo ndio ugomvi wangu.

SEHEMU YA 4

Najua kinachokuja. "Nesi, hayo ni mambo ya Ulaya. Huku kwetu kuna vumbi, maji shida, wodi zimejaa. Lazima tuongeze dawa."

Sawa. Basi tusiende Ulaya. Tupande basi hapa hapa mpaka Mwanza, hospitali ya Bugando, ambako wagonjwa wengi wa Shinyanga na Geita wanapelekwa wakizidiwa.

Watafiti wa Bugando waliwachukua akina mama 500 wa upasuaji wa kujifungua, wakawagawa kwa bahati nasibu makundi mawili, 250 kwa 250. Dawa zilikuwa zile zile mnazozijua, gentamaisini na metronidazo. Kundi la kwanza lilipata dozi moja tu kabla ya upasuaji. Kundi la pili lilipata dozi hiyo, kisha likaendelea kuchomwa dozi nyingine baada ya upasuaji. Matokeo yakachapishwa mwaka 2013.

Waliopata dozi moja: vidonda vilivyoambukizwa 12, yaani asilimia 4.8.
Waliopata dozi nyingi: vidonda vilivyoambukizwa 16, yaani asilimia 6.4.

Soma tena polepole. Waliochomwa zaidi HAWAKUPATA nafuu zaidi. Tofauti hiyo ndogo haimaanishi dozi nyingi zinaleta ugonjwa, msije mkaninukuu vibaya. Maana yake ni kwamba sindano zote zile za ziada hazikuongeza kinga yoyote. Na hawa ni akina mama wa Kanda ya Ziwa, wenye vumbi lile lile na maji yale yale, wanaolala kwenye wodi tunazozijua.

Kenya nako, hospitali ya Thika, waliweka sera kwamba antibiotiki ya kinga itolewe kabla ya upasuaji na waache mazoea ya kuitoa baada. Walichapisha matokeo mwaka huo huo wa 2013. Gharama zilipungua, muda wa manesi ukaokolewa, na vidonda havikuharibika zaidi kwa sababu ya kuacha zile dawa za baadaye.

Kwa hiyo atakayeniambia "mazingira yetu" nitamwomba kwanza anijibu habari za Bugando.

SEHEMU YA 5

Sasa, kama sindano za baadaye hazisaidii, mbona vidonda bado vinaoza?

Bugando pia walifuatilia akina mama 345 waliofanyiwa upasuaji wa kujifungua na kuchapisha mwaka 2014. Waliopata maambukizi ya kidonda walikuwa asilimia 10.9. Ni kama mmoja katika kila tisa. Wakatafuta ni akina nani walikuwa kwenye hatari zaidi. Wakakuta wenye upungufu mkubwa wa damu, wenye shinikizo la damu la ujauzito, waliopimwa njia mara nyingi wakati wa uchungu, waliokaa muda mrefu mezani, waliopasuliwa na daktari asiye na uzoefu, na wale ambao kidonda chao kilikuwa kimeshachafuka wakati wa upasuaji.

Hebu niambie, kidonge cha siku ya saba kinatibu lipi kati ya hayo?

Damu inaongezwa kliniki, miezi kabla, kwa vidonge vya madini chuma ambavyo wengine mnavificha chini ya godoro kwa sababu vinawachafua tumbo. Shinikizo la damu linakamatwa kliniki, kama ukienda mapema na ukienda mara zote. Kupimwa njia hovyo ni juu yetu sisi: kila anayeingia zamu anataka kupima, na wanafunzi nao wanataka kujifunza. Uchungu kukaa sana ni habari ya kuchelewa kutoka nyumbani, kuchelewa kupata usafiri, kuchelewa kupata uamuzi ukishafika.

Hapo ndipo kidonda kinapolindwa au kuuzwa. Lakini mambo hayo ni magumu na yanataka watu, maji, sabuni, vifaa na usimamizi. Kuandika "endelea na sindano" kwenye faili kunachukua sekunde tatu. Antibiotiki ya baada ya upasuaji imekuwa blanketi la kufunikia uchafu wetu. Mikono hatukunawa vizuri, vifaa hatuna uhakika navyo, basi tumpige sindano tukalale kwa amani. Wenzangu mtanisamehe, lakini mnajua ni kweli.

SEHEMU YA 6

Nikishasema ya hospitali, sasa nije nyumbani kwenu. Msicheke.

Wifi yangu alijifungua kwa oparesheni, kidonda safi kabisa, kimekauka. Siku ya nane akasikia kinawasha. Kuwasha tu! Mama mkwe akasema dawa za hospitali zilikuwa hafifu, akatumwa kijana duka la dawa. Akarudi na rangi mbili. Kapsuli nne akameza, mbili wakazifungua na kumwagia ule unga juu ya kidonda. Kesho yake akaletwa mtu wa mtaani wa kuchoma sindano, seftriaksoni, bila cheti wala kipimo. Mbuzi wawili walikwenda hapo.

Unga wa kapsuli haujatengenezwa kumwagiwa kwenye kidonda. Unagandamana, unaficha usaha chini yake, na sisi tukija kukisafisha unalia mpaka wodi nzima inasikia. Na kumeza kapsuli nne halafu kuacha ni kuwapa vimelea mazoezi. Wanyonge wanakufa, wagumu wanabaki na kuzaana, na kesho dawa ile haiwagusi. Huo ndio usugu wa vimelea, ambao serikali imeuwekea hadi mpango kazi wa taifa wa mwaka 2017 hadi 2022. Wala siyo habari mpya. Alexander Fleming aliyegundua penisilini mwaka 1928 alionya mwaka 1945, akipokea tuzo ya Nobel, kwamba siku itafika watu watajinunulia dawa, watameza pungufu na kuwafanya vimelea wawe sugu.

Siku hiyo imeshafika. Ukitaka kuiona, simama dakika kumi nje ya duka la dawa lolote siku ya gulio.

SEHEMU YA 7

Mama, kama kwako mwenyewe huoni shida, basi mwangalie huyo kichanga unayemnyonyesha.

Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa hospitali ya Muhimbili kuhusu watoto walioingiwa na vimelea kwenye damu. Kuna jamii ya vimelea inaitwa Gram-hasi. Katika watoto walioshikwa na hao, waliofariki walikuwa karibu 44 kati ya kila 100. Malaria, hiyo tunayoiogopa sote, ilikuwa 20 kati ya 100. Na watafiti wakaonyesha kwamba mtoto akipewa dawa ambayo kimelea chake kimeshaizoea, uwezekano wa kufa unaongezeka.

Vimelea sugu vinatembea. Vinatoka kitanda hiki kwenda kile kwa mikono yetu manesi, kwa mikono ya shangazi aliyekuja kumshika mtoto, kwenye shuka, kwenye beseni. Mtoto anaweza kukutana na kimelea kilichokomazwa na dawa za mama mwingine asiyemjua kabisa.

Duniani kote, mwaka 2019, inakadiriwa watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya vimelea sugu. Kwa hiyo ninapokataa kukuongezea sindano usiyoihitaji, sikubanii. Namlindia dawa mtoto wako kwa siku atakayoihitaji.

SEHEMU YA 8

Hapa naomba tuelewane vizuri, maana mtu anaweza kusoma haraka akaenda kutupa dawa zake.

KINGA na TIBA ni vitu viwili.

Kinga ni kwa mama asiye na maambukizi. Hiyo ndiyo dozi moja kabla ya wembe. Upasuaji ukiwa mrefu sana au damu ikimwagika nyingi, daktari anaweza kurudia dozi humo humo ndani ya thieta.

Tiba ni kwa mama ambaye tayari ana maambukizi: alikuja na homa, maji ya uzazi yana harufu mbaya, au kidonda kimeanza kutoa usaha. Huyo anahitaji dawa kwa siku kadhaa na anatakiwa amalize kama alivyoandikiwa. Asiache kwa sababu nesi wa mtandaoni amesema. Kama uko kwenye dozi sasa hivi, usiikatize. Kwanza muulize aliyekuandikia.

Na maswali ya kuuliza ni haya, uyashike wewe, mumeo na yeyote atakayekusindikiza:

Kabla ya kuingia thieta: "Samahani sista, nimeshachomwa ile sindano ya kuzuia maambukizi?"

Baada ya upasuaji: "Dawa hii ni ya kuzuia au ya kutibu? Kama ni ya kutibu, natibiwa nini?"

Uliza kwa heshima, lakini uliza. Nesi mzuri hatakasirika. Akikasirika, mwambie ni mimi nimekutuma.

SEHEMU YA 9

Ya kufanya kama unajua utapasuliwa, na baada ya kurudi nyumbani:

1. Oga kwa maji na sabuni kabla ya kuja. Sabuni ya kawaida inatosha.

2. USIJINYOE kwa wembe nyumbani. Wembe unaacha mikwaruzo midogo ambayo ni njia ya vimelea. Nywele zikilazimika kuondolewa, zitapunguzwa kwa mashine hospitalini.

3. Kunywa vidonge vya kuongeza damu tangu kliniki. Vikikusumbua sema, usivifiche.

4. Anayekigusa kidonda, wewe au mama mkwe, anawe mikono kwa sabuni kwanza.

5. Kidonda kiwe kikavu na safi. Hakuna kukandwa maji ya moto juu ya mshono, hakuna majani, hakuna spiriti, hakuna unga wa kapsuli. Najua kukandwa ni desturi na bibi atanuna. Mwache anune, mpe mtoto amshike.

6. Rudi hospitali SIKU HIYO HIYO ukiona usaha, harufu, kidonda kuachia, wekundu unaosambaa, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, homa, au damu ya uzazi yenye harufu mbaya. Usipitie duka la dawa kwanza. Hatari hii inaendelea kwa mwezi mzima, kwa hiyo usijiamini siku ya kumi.

SEHEMU YA 10, YA MWISHO

Kwa manesi wenzangu na madaktari mnaosoma kimya kimya: sisemi ni rahisi. Najua usiku wa dharura ulivyo, nesi mmoja, wamama kumi na tano, na dawa yenyewe huenda haipo stoo. Lakini dozi moja kabla ya wembe ni nafuu kuliko dozi kumi na tano baada. Dakika tunazotumia kuzunguka wodi nzima na sinia la sindano zisizo na kazi tungeweza kuzitumia kuangalia vidonda, kupima joto na kunawa mikono. Iandikeni dawa hiyo kwenye orodha ya maandalizi ya mgonjwa, sambamba na fomu ya ridhaa na damu. Mgonjwa asipite mlango wa thieta mpaka mmoja wetu ajibu kwa sauti: ameshachomwa, saa ngapi.

Wakuu wa vituo, mkituuliza idadi ya oparesheni za mwezi, tuulizeni pia ni wangapi walichomwa kabla ya wembe na wangapi walirudi na usaha. Msipouliza, hakuna atakayehesabu.

Na wewe baba uliyekuwa na vumbi la duarani, kama bado uko huku ukanda wetu na haya yamekufikia: sindano zile za baadaye zilikuwa za mazoea. Ile moja iliyotakiwa nilichelewa kumchoma. Siwezi kusema kwa uhakika kwamba ndiyo ingemwokoa na yale yote, lakini ilikuwa haki yake na hakuipata. Nisamehe.

Wamama, kama kuna mwenzio mwenye mimba kubwa, mtumie. Maswali andikeni hapo chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu.

Nesi wenu.